Kutambua vipande vidogo vya takataka za anga za juu kwa rada ya ardhini: mwongozo kamili

Wengi hukwama mahali palepale. Mtu amepata saa chache za rada nzuri, au amepewa faili za data ghafi. Anazifungua, anaona setilaiti mbili tatu na mwili wa roketi iliyokwisha kazi, basi. Vipande vya milimita kadhaa alivyovitafuta havionekani. Anahitimisha kwamba rada haina nguvu ya kutosha.

Mara nyingi rada haina kosa. Mwangwi umo ndani ya faili, ila umezikwa na kelele kwa namna data ilivyochakatwa. Mwongozo huu unalenga kipande cha milimita 5 kilicho kilomita 1000 kutoka kwenye antena. Ukikimudu hicho, vikubwa vitajileta vyenyewe.

## Unachohitaji

- Data ghafi ya rada yenye sampuli changamano, yaani ukubwa na awamu. Faili lililohifadhi nguvu peke yake halitufai.
- Takwimu za rada: nguvu ya kilele, ukuzaji wa antena, masafa, urefu wa mpigo, idadi ya mipigo kwa sekunde, na joto la kelele la mfumo.
- Saa ya kituo iliyofungwa kwenye GPS au saa ya atomiki, na kumbukumbu ya mahali antena ilipoelekezwa.
- Kompyuta yenye Python na NumPy, au programu nyingine inayofanya mabadiliko ya Fourier ya haraka (FFT).
- Orodha ya mizingo ya vitu vinavyojulikana, ya tarehe ileile ya kipimo.

Huna rada? Endelea kusoma. Hatua ya 6 inatengeneza data ya bandia, na kazi nzima unaweza kujifunzia hapo.

Onyo moja kabla hatujaanza: kurusha mawimbi ya mamia ya kilowati kunahitaji kibali cha mamlaka ya masafa ya nchi husika na mpango wa usalama wa ndege na watu walio karibu. Kupokea na kuchakata hakuna hatari hiyo.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwangwi kabla ya kugusa data

Usipojua mwangwi unatakiwa kuwa na nguvu kiasi gani, hutajua kama umeukosa. Hesabu yenyewe ni hii:

SNR = (P × G² × λ² × σ × τ) ÷ ((4π)³ × R⁴ × k × T × L)

SNR ni uwiano wa mwangwi na kelele kwa mpigo mmoja. P ni nguvu ya kilele, G ukuzaji wa antena, λ urefu wa wimbi, σ eneo la mwangwi la kipande (kipimo cha jinsi kinavyorudisha mawimbi), τ urefu wa mpigo, R umbali, k namba ya Boltzmann, T joto la mfumo, na L ni upotevu.

Tuchukue rada ya mfano: kilowati 250, dishi la mita 36, masafa ya GHz 10 (wimbi la sentimita 3), ukuzaji wa desibeli 67 (desibeli ni kipimo cha uwiano: kila 10 ni mara kumi), mpigo wa milisekunde 1.6, mipigo 60 kwa sekunde, kelvini 200, upotevu wa desibeli 4. Haiko mbali na rada ya HUSIR ya Massachusetts, Marekani, ambayo dishi lake lina mita 36.6.

Kwa kitu chenye eneo la mwangwi la mita 1 ya mraba kwenye kilomita 1000, jibu ni desibeli 58. Inaonekana nyingi mno. Sasa weka kipande chetu.

Kitu kidogo kuliko wimbi hakirudishi mwangwi kwa kadiri ya eneo lake. Kwa tufe dogo la chuma, σ = 9π⁵d⁶ ÷ 4λ⁴. Kipenyo kimepandishwa hadi kipeo cha sita! Tufe la milimita 5 linatoa eneo la mwangwi la mita za mraba 0.0000133, yaani desibeli 48.8 chini ya mita 1 ya mraba. Toa kwenye 58.1, unabaki na desibeli 9.3.

Hizo 9.3 ndizo mtaji wako wote. Kipande kikishuka hadi milimita 3, mwangwi unaporomoka hadi desibeli 4 chini ya kelele.

Hapa pia ndipo utakapojua kama rada uliyonayo inafaa. TIRA ya Ujerumani ina dishi la mita 34, lakini wimbi lake ni la sentimita 22.5, na kwenye kilomita 1000 huishia kwenye vipande vya takriban sentimita 2. Goldstone ya California, yenye dishi la mita 70 na wimbi la sentimita 3.5, hushuka hadi karibu milimita 3. Ukitaka vidogo, wimbi fupi ni lazima. Nguvu peke yake haikuokoi, kwa sababu ya kile kipeo cha sita.

## Hatua ya 2: Elekeza mwale, kisha uuache

Usijaribu kufuata kipande. Hujui kiko wapi, na kufikia wakati utakapokijua kimeshapita. Hapa tunatega, hatuwindi: antena inaelekezwa upande mmoja, inafungwa, na vipande vinajipitisha vyenyewe.

Mwale wa rada yetu una upana wa nyuzi 0.057. Kwenye kilomita 1000 huo ni upana wa kilomita 1 tu. Kipande kilichoko kimo hicho hukimbia kilomita 7.35 kwa sekunde, kwa hiyo kinakata mwale katikati kwa sekunde 0.136. Kwa mipigo 60 kwa sekunde, unapata mipigo 8. Kila unachokitaka kujua kuhusu kipande hicho kitatoka kwenye mipigo hiyo 8.

Dishi kubwa zaidi lingeongeza usikivu, lakini mwale ungekuwa mwembamba na vipande vingepita vichache. Hakuna jibu moja sahihi. Inategemea unatafuta vidogo kabisa au unatafuta idadi.

Elekeza wapi? Wima kabisa ni rahisi kuhesabu, lakini vitu vyenye mizingo ya duara vikipita utosini vina kasi ya karibu sifuri kuelekea kwenye rada, bila kujali mzingo umeinama kiasi gani. Unapoteza habari hiyo yote. Nyuzi 75 juu ya upeo, kuelekea mashariki, ni chaguo lililozoeleka kwa sababu nzuri. Kinachozunguka kuelekea mashariki kinajitenga nawe, na mizingo inayopita juu ya ncha za dunia inajulikana kwa kasi iliyo karibu na sifuri au chini yake.

Kwa mfano, rada ikiwa juu ya ikweta ili hesabu iwe nyepesi, mzingo ulioinama nyuzi 65 kutoka ikweta kwenye kimo cha kilomita 1000 utakupa kasi ya kujitenga ya takriban kilomita 0.57 kwa sekunde, na wa nyuzi 98 utakupa −0.35. Usisahau kutoa mzunguko wa dunia: kituo chenyewe kinasafiri kuelekea mashariki, na kwa pembe hii kinachangia kilomita 0.12 kwa sekunde. Ukiiacha, mizingo yote itahama kidogo, nawe utabaki kujiuliza kwa nini haiendani na orodha.

## Hatua ya 3: Pima rada kwa tufe linalojulikana

Desibeli 58 za hatua ya kwanza ni za kwenye karatasi. Za kweli zinapimwa.

Tufe la kupimia LCS-1, lililorushwa mwaka 1965, bado linazunguka kwenye kimo cha karibu kilomita 2800, na eneo lake la mwangwi kwa wimbi la sentimita 3 ni karibu mita 1 ya mraba. Hili ndilo pekee utakalolifuata kwa antena, kwa kutumia mzingo wake unaojulikana. Kwa umbali wa kilomita 2800 tegemea desibeli 40.

Tahadhari: kwa mipigo 60 kwa sekunde, mwangwi wa mbali zaidi ya kilomita 2500 unarudi baada ya mpigo unaofuata kuondoka, na utauona kama uko kilomita 300. Punguza mipigo iwe 40 kwa sekunde wakati wa kupima.

Ukipata 40 au 39, endelea. Ukipata 34, kuna desibeli 6 zimepotea mahali: antena haijalenga sawasawa, maji yameingia kwenye mfereji wa mawimbi, kipokezi kimechoka. Tafuta hapo kwanza. Programu haitarudisha kilichopotelea kwenye chuma.

## Hatua ya 4: Tafuta kwenye Doppler

Wanaoshindwa wengi huangukia hapa, kwa hiyo twende taratibu.

Kipande kinachosogea kuelekea kwenye rada au kujitenga nayo kinahamisha masafa ya mwangwi kwa 2v ÷ λ, ambapo v ni kasi hiyo; uhamaji huu ndio Doppler. Kwa wimbi la sentimita 3, kasi ya kilomita 2.5 kwa sekunde inahamisha kHz 167. Hujui kasi mapema, kwa hiyo kipokezi lazima kiache wazi kuanzia −167 hadi +167. Tuchukue sampuli changamano 400,000 kwa sekunde. Mpigo wa milisekunde 1.6 unakuwa na sampuli 640.

Sasa angalia. Zile desibeli 9.3 tulizozihesabu ni za mpigo mzima uliokusanywa kwa awamu. Zigawanye kwa sampuli 640 na kila sampuli inabaki desibeli 18.8 chini ya kelele. Anayechora nguvu ya sampuli ghafi kwenye skrini na kungoja mwiba utokeze amejinyima desibeli 28. Kwa desibeli hizo, kitu kidogo kabisa anachoweza kukiona si cha milimita 5 tena, ni cha sentimita 10 hivi. Ndiyo maana anaona setilaiti peke yake.

Dawa ni hii:

1. Kata dirisha la sampuli 640 kwa kila umbali unaotaka kuuchunguza. Kuanzia kilomita 400 hadi 1600, kwa hatua za kilomita 60, ni madirisha 20.
2. Ongeza sifuri 640 mwishoni mwa kila dirisha, kisha lipitishe kwenye FFT. Sifuri hizo zinazuia mwangwi ulioangukia katikati ya visanduku viwili (kila jibu la FFT ni kisanduku kimoja cha masafa, yaani cha kasi) usipoteze nguvu.
3. Chukua mraba wa ukubwa wa kila jibu, na ubakize visanduku vilivyo ndani ya ±kHz 167 tu.

Kila kisanduku kina upana halisi wa Hz 625, sawa na mita 9.4 kwa sekunde; sifuri zinaongeza visanduku vya kati tu, hazipunguzi upana huo. Mwangwi wote wa kipande unajikusanya kwenye kimoja, kelele inatawanyika kwenye 640.

Utajuaje umefaulu? Chora umbali upande mmoja na kasi upande wa pili kwa mpigo mmoja wenye setilaiti. Unatakiwa uone doa moja lililonyooka kwenye mhimili wa umbali, kwa sababu mpigo wenyewe una urefu wa kilomita 240, na jembamba kwenye mhimili wa kasi. Ukiona ukungu umeenea kwenye kasi zote, awamu imevurugika. Angalia kwanza kama hukubadilisha sampuli changamano kuwa namba za kawaida wakati wa kusoma faili.

## Hatua ya 5: Unganisha mipigo na uweke kizingiti kwa hesabu

Kizingiti, yaani kiwango ambacho mwangwi lazima ukivuke ndipo uuhesabu, hakiwekwi kwa macho. Hesabu ni visanduku vingapi unavyovichungulia: 533 vya Doppler, mara madirisha 20, mara mipigo 60, mara sekunde 3600. Ni bilioni 2.3 kwa saa. Katika kelele tupu, mpigo mmoja utavuka desibeli 13.3 mara moja hivi kwa saa. Kwa hiyo mwangwi wa 9.3 hauwezi kuaminika kwa mpigo mmoja, hata uwe wa kweli kiasi gani.

Jumlisha nguvu za mipigo 8 inayofuatana kwenye kisanduku kilekile, na usogeze kundi hilo mpigo mmoja mmoja. Kizingiti cha kengele moja ya uongo (kelele inayodhaniwa kuwa kipande) kwa saa kinashuka hadi wastani wa desibeli 5.9 kwa mpigo, ukishatoa kelele.

Kipande chetu kinapita? Pembeni mwa mwale mwangwi hudhoofika, na wastani wa safari nzima ni desibeli 1.7 chini ya kilele. Kinabaki na 7.6, kinapita. Cha milimita 4 kingebaki na chini ya 2, hakipiti. Basi mpaka wako ni milimita 5 kwa kipande kilichokata mwale katikati, na sasa unaweza kuutetea mbele ya yeyote.

Kuna watakaokushauri uunganishe mipigo 8 kwa awamu badala ya nguvu. Kwa wimbi la sentimita 3 mimi siwaungi mkono. Kipande kinachopita juu kabisa kwenye kilomita 1000 kinabadilisha kasi yake kwa mita 47 kwa sekunde katika kila sekunde, na ndani ya safari ya sekunde 0.136 Doppler inahama Hz 426. Kwa visanduku vya Hz 625 hilo halisumbui sana. Ukiunganisha kwa awamu, visanduku vinakuwa vya Hz 7, na mwangwi unasambaa kwenye karibu 60 usiporekebisha mchapuko huo. Kazi yote hiyo inakupa desibeli 1.6, sawa na 6% ya kipenyo, kabla hujalipa gharama ya kizingiti kupanda kwa majaribio mengi zaidi. Kwa mawimbi marefu hesabu ni nyingine, kwa kuwa Doppler inahama kidogo na kuunganisha kwa awamu kunakuwa rahisi.

Pima kiwango cha kelele kutoka visanduku vya jirani, usitumie namba moja ya siku nzima. Joto la mfumo hupanda na kushuka, na mvua pekee inaweza kukusogezea kizingiti.

## Hatua ya 6: Jijaribu kwa mwangwi wa bandia

Usiruke hatua hii hata kama una data ya kweli.

Tengeneza kelele changamano ya nasibu. Ndani yake pandikiza wimbi lenye Doppler unayoijua, desibeli 18.8 chini ya kelele kwa kila sampuli, kwenye mipigo 8, likipanda na kushuka kama linavyokata mwale. Mpe mtu mwingine achague nyakati na kasi, asikuambie. Kisha endesha programu yako.

Mwangwi wa milimita 5 unaopita katikati uonekane mara nyingi, si kila mara, kwa sababu kelele nayo huongeza na kupunguza. Wa milimita 7 usikosekane. Ukikosa wa milimita 7, rudi hatua ya 4. Endesha pia kelele tupu ya saa kumi: ukipata kengele mia badala ya kumi au zaidi kidogo, kizingiti au kipimo chako cha kelele kina kasoro.

## Hatua ya 7: Chuja wanaojifanya wadogo

Mtego mbaya kuliko yote ni setilaiti kubwa iliyopita kando ya mwale. Antena yoyote ina miale ya pembeni. Setilaiti yenye eneo la mwangwi la mita 10 za mraba ikipita mahali ambapo antena imedhoofika kwa desibeli 30, inapoteza 30 kwenda na 30 kurudi. Inabaki na −50. Kipande chetu kina −48.8. Kwa nguvu peke yake huwezi kuwatofautisha.

Linganisha kila ugunduzi na orodha ya mizingo: kama kitu kinachojulikana kilikuwa ndani ya nyuzi chache za mwale, kwa umbali na kasi ileile, kifute. Kama antena ina vipokezi vya kupima pembe ndani ya mwale, vitakuambia moja kwa moja kipande kilipita wapi.

Mwingiliano wa redio ni rahisi zaidi kuutambua. Unakaa kwenye masafa yaleyale kwenye madirisha yote ya umbali, ilhali kipande hakiwezi kuwa kila mahali.

## Hatua ya 8: Geuza mwangwi kuwa ukubwa

Toa kelele kwenye nguvu uliyopima, rekebisha umbali, kisha rekebisha mahali kipande kilipopita ndani ya mwale. Unapata σ. Igawanye kwa λ² uipate z.

Ikiwa z ni chini ya 0.03, uko kwenye eneo la vitu vidogo: geuza ile hesabu ya kipeo cha sita. Hapa kipeo kinakuwa rafiki, kwani kukosea desibeli 3 kwenye mwangwi kunakosesha kipenyo kwa 12% tu. Ikiwa z inazidi 5, tumia eneo la duara la kawaida, na ujue kosa lilelile sasa linakugharimu 41%. Katikati, ukubwa tofauti unaweza kutoa mwangwi mmoja. NASA wana mkunjo maalumu wa eneo hilo, uliotokana na kupima vipande halisi vya migongano ya majaribio. Tumia huo, usibuni wako.

Vipande vingi si matufe, ni vigae na vijiti, kwa hiyo ukubwa wa kipande kimoja mmoja ni makadirio. Kuna kundi moja linalokuwezesha kujikagua: matone ya sodiamu na potasiamu yaliyovuja kutoka kwenye mitambo ya nyuklia ya setilaiti za RORSAT za Kisovieti. Ni duara, yamejazana karibu na mwinamo wa nyuzi 65, kati ya kilomita 850 na 1000. Rada ikirusha wimbi la mzunguko, yaani ambalo uelekeo wa mtetemo wake huzunguka linaposafiri, tone hurudisha karibu mwangwi wote ukiwa umegeuza mzunguko, wakati kigae kilichopinda hurudisha mchanganyiko. Ukichora kimo na kasi za siku nyingi na lile kundi likatokea mahali pake, mnyororo wako wote uko sawa.

## Hatua ya 9: Hesabu bila kudanganya

Gawanya idadi ya vipande kwa saa za kipimo na kwa eneo la upande wa mwale. Kwa mwale huu, kati ya umbali wa kilomita 800 na 1000 kuna kilomita za mraba 180 zikitazamwa kwa ubavu.

Vipande 16 vina shaka ya 4, yaani robo nzima. Usitangaze kwamba takataka zimeongezeka kwa 20% kwa kulinganisha siku mbili za namna hiyo.

Na usilinganishe vimo tofauti kabla ya kukata ukubwa. Kwenye kilomita 1400 mwangwi umepungua desibeli 5.8, kwa hiyo mpaka wako umepanda hadi karibu milimita 6. Vya milimita 5 vipo huko, huvioni tu. Chagua ukubwa unaoonekana kwenye vimo vyote unavyovilinganisha, tupa vilivyo chini yake hata kama inauma, na uandike mpaka huo kwenye kila mchoro pamoja na saa za kipimo na kizingiti ulichotumia.